Probayotiki na vidonda vya kinywani vya matibabu ya saratani: bakteria yupi, kwa mgonjwa yupi

Mgonjwa wa saratani ya ulimi au ya koo anayepigwa mionzi siku tano za kila wiki, kwa muda wa wiki sita au saba, kwa kawaida huanza kuhisi mabadiliko kinywani katika wiki ya pili au ya tatu. Mwanzoni mdomo huwaka na kuwa mwekundu, kisha utando laini wa mashavu, ulimi na koromeo hubanduka na kuacha vidonda vilivyofunikwa na ute mweupe, na ikifika wiki ya tano wapo wasioweza kumeza hata mate yao wenyewe. Kwa anayepata tibakemikali, yaani dripu au vidonge vya kuua seli za saratani, vidonda hivyo hujitokeza mapema zaidi, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 14 baada ya dozi, na hupona ndani ya wiki mbili au tatu iwapo hapatatokea maambukizi. Kitaalamu hali hii huitwa mukositisi ya kinywa. Humpata karibu kila mgonjwa anayepigwa mionzi ya kichwa na shingo, takriban wanane kati ya kumi wanaopewa tibakemikali ya dozi kubwa kabla ya kupandikizwa uboho, na kati ya asilimia 20 na 40 ya wanaopata tibakemikali ya kawaida.

Miaka ya karibuni probayotiki zimeanza kutajwa sana panapozungumziwa vidonda hivi. Mgonjwa huzisikia kwa mwenzake wa kitanda cha jirani, huzisoma katika ujumbe uliosambazwa kwenye simu, au huambiwa na muuza duka la dawa kwamba kuna vidonge vya bakteria wazuri vinavyozuia mdomo usichubuke. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, tena ukweli mzito kuliko wengi wanavyodhani, lakini anayeuliza kama probayotiki zinasaidia hawezi kujibiwa ndiyo wala hapana mpaka ijulikane ni bakteria yupi anayezungumziwa, hutumiwaje, na mgonjwa mwenyewe anapata matibabu gani.

Inafaa kwanza kuelewa jinsi vidonda vinavyotokea, kwa sababu hapo ndipo bakteria wanapoingia katika habari hii. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba jambo lenyewe ni rahisi: mionzi na dawa za saratani huua seli zinazogawanyika haraka, seli za utando wa kinywa nazo hugawanyika haraka, kwa hiyo utando hufa na kidonda hubaki. Maelezo hayo hayakuwa ya uongo, ila yalikuwa pungufu. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani Stephen Sonis aliueleza ugonjwa huu kama mfuatano wa hatua tano, na maelezo yake ndiyo yanayotumika hadi leo. Hatua ya kwanza haionekani kwa macho: mionzi au dawa hujeruhi vinasaba vya seli zilizo chini ya utando na kuzalisha molekuli za oksijeni zenye madhara. Katika hatua ya pili seli zilizojeruhiwa huamsha protini zinazoamuru mwili utengeneze uvimbe, na katika ya tatu ishara hizo huchocheana zenyewe kwa zenyewe, kiasi kwamba jeraha huendelea kukua hata siku ambayo mgonjwa hakupigwa mionzi. Hatua ya nne ndiyo ya kidonda chenyewe, na ya tano ni ya kupona, seli mpya zinaposogea kutoka kingoni na kufunika palipochubuka.

Hatua ya nne ndiyo inayotuhusu zaidi. Kinywa cha binadamu ni makazi ya mamia ya spishi za bakteria. Zilizokwisha kutambuliwa kwa watu mbalimbali zinakaribia 700. Katika kinywa chenye afya wengi wao ni wapangaji wasio na ubaya, na baadhi hutulinda kwa kuwanyima nafasi wale waharibifu. Matibabu ya saratani huvuruga mpangilio huo kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Mionzi hukausha tezi za mate, na mate ndiyo yanayosafisha kinywa na kukizuia kisiwe na tindikali nyingi. Tibakemikali hupunguza nyutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria. Viuavijasumu anavyopewa mgonjwa kwa sababu nyingine huua bakteria wema pamoja na wabaya. Matokeo yake ni kwamba makundi kama Fusobacterium na Porphyromonas, ambayo hustawi pasipo na hewa, huongezeka huku spishi za kawaida za Streptococcus zikipungua. Kidonda kinapofunguka, bakteria hao hukaa juu yake, na vipande vya kuta za seli zao hupenya ndani na kuichochea kinga ya mwili itoe kemikali nyingi zaidi za uvimbe. Kwa maneno mengine, bakteria hawaanzishi kidonda, lakini hukitia makali na kukichelewesha kupona.

Kutokana na hilo, mtu anaweza kukadiria mapema probayotiki zinaweza kufanya nini na haziwezi kufanya nini. Haziwezi kuizuia mionzi isijeruhi seli. Zinachoweza, kama zinaweza lolote, ni kupunguza ukali wa uvimbe, kurudisha uwiano wa bakteria kinywani, na pengine kuisaidia kinga ya mwili isiporomoke sana. Anayeuziwa kidonge kwa ahadi kwamba hatapata kidonda hata kimoja ameahidiwa jambo ambalo elimu ya ugonjwa wenyewe hailiungi mkono.

Kabla ya kufika kwenye majaribio, ni lazima kueleza jinsi ukali wa vidonda unavyopimwa, maana takwimu zote zinategemea kipimo hicho. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha madaraja kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 1 ni maumivu na wekundu tu. La 2 ni vidonda, lakini mgonjwa bado anakula chakula kigumu. La 3 ni pale anapoweza kunywa vitu vya majimaji pekee. Na la 4 ni pale ambapo kinywa hakipitishi chochote na hana budi kulishwa kwa mpira au kwa mshipa. Madaktari wanaposema mukositisi kali wanamaanisha madaraja ya 3 na 4, na hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Mgonjwa hupungua uzito, huhitaji mofini, na mara nyingine mionzi husimamishwa kwa siku kadhaa ili kinywa kipumzike. Kusimamisha huko kuna gharama ambayo haionekani: katika saratani za kichwa na shingo, kila siku ambayo ratiba ya mionzi inarefushwa hupunguza uwezekano wa kuidhibiti saratani kwa asilimia moja au zaidi kidogo, kwa kuwa seli za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kujizidisha. Kwa mgonjwa aliyetoka Kigoma au Songea kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, au aliyetoka Turkana kwenda Eldoret au Nairobi, wiki moja ya kusubiri ni pia wiki moja zaidi ya kulipia malazi na ya ndugu kukaa mbali na kazi. Ndiyo maana siwezi kuwaelewa wanaoyachukulia maumivu ya kinywa kuwa usumbufu mdogo wa kuvumiliwa tu.

Sasa probayotiki zenyewe. Mwaka 2001 jopo la Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani lilizieleza kuwa ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Kila neno hapo lina kazi. Vikishakufa kwa joto la ghala, au vikiwa vichache mno, au faida yake ikiwa haijaonyeshwa, havistahili jina hilo, hata kama kopo limeandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Zaidi ya hayo, faida haishikamani na spishi nzima bali na nasaba, yaani ukoo mdogo ndani ya spishi moja wenye tabia zake mahususi, ambao watafiti huutaja kwa herufi na namba mwishoni mwa jina. Anayeona kwamba huko ni kujali mambo madogo mno na amwangalie bakteria Escherichia coli: nasaba yake iitwayo Nissle 1917 imeuzwa Ulaya kwa miongo mingi kama tiba ya matumbo, ilhali nasaba O157:H7 ya spishi hiyohiyo husababisha kuhara damu na figo kushindwa kufanya kazi.

Jaribio lililoamsha matumaini makubwa kwa vidonda vya kinywani lilifanyika New Delhi, India, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012. Lilishirikisha wagonjwa 200 wa saratani ya kichwa na shingo waliokuwa wakipata mionzi pamoja na dawa ya tibakemikali iitwayo sisplatini. Nusu yao walipewa vidonge vya kumumunya vyenye nasaba ya Lactobacillus brevis CD2, sita kwa siku, tangu mwanzo wa matibabu, na nusu walipewa vidonge vya kufanana navyo visivyo na bakteria, huku wagonjwa na madaktari wote wakiwa hawajui nani anapata kipi. Mukositisi kali iliwapata asilimia 52 ya waliopewa bakteria na asilimia 77 ya waliopewa vidonge vitupu. Waliomaliza matibabu yao ya saratani kama yalivyopangwa walikuwa asilimia 92 upande mmoja na asilimia 70 upande mwingine. Kwa lugha nyepesi, kati ya kila wagonjwa wanne waliotumia vidonge vile, mmoja aliepushwa na vidonda vikali ambavyo vingempata. Wawili walivipata licha ya vidonge, na mmoja asingevipata hata bila vidonge. Hiyo ni faida kubwa kwa kipimo cha tiba yoyote, lakini ni muhimu kuona pia kwamba zaidi ya nusu ya waliotumia bakteria bado waliteseka.

Nasaba hiyo ya CD2 haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ina kimeng'enya kinachovunjavunja ajinini, malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza nitriki oksaidi inayochochea uvimbe, na kingine kinachovunja molekuli ya mafuta iitwayo PAF, nayo mchochezi wa uvimbe. Vidonge vilikuwa vya kumumunya polepole ili bakteria wakutane na utando wenyewe, jambo ambalo kidonge cha kumezwa kwa maji hakiwezi kulifanya.

Miaka saba baadaye, mwaka 2019, watafiti wa Italia walichapisha jaribio la bakteria huyohuyo kwa wagonjwa 75 wa vituo kadhaa, safari hii wakimlinganisha na maji ya kusukutulia yenye sodiamu baikaboneti. Tofauti haikuonekana: mukositisi kali iliwapata takriban asilimia 41 katika kila kundi. Wapo waliolitumia jaribio hilo kutangaza kwamba habari za New Delhi zimekwisha. Sioni kwamba tunaweza kufika huko. Wagonjwa walikuwa wachache mno kuweza kugundua tofauti ya wastani, mitambo ya mionzi ilikuwa ya kisasa zaidi na yenye kukwepa sehemu nzima za kinywa, na kundi la pili lilikuwa linapata huduma halisi badala ya kidonge kitupu. Hata hivyo swali walilouliza Waitalia ndilo swali ambalo mgonjwa wa kawaida anapaswa kuliuliza kabla ya kufungua mfuko wake: je, vidonge hivi vya bei vinanizidishia nini juu ya maji ya chumvi na soda?

Mwaka huohuo, kutoka China, yalitoka matokeo ya namna nyingine. Wagonjwa 99 wa saratani ya nyuma ya pua, ambao walikuwa wakipata mionzi na tibakemikali kwa pamoja, waligawanywa ili wengine wameze mchanganyiko wa bakteria watatu, Bifidobacterium longum, Lactobacillus lactis na Enterococcus faecium, na wengine wameze plasebo, yaani vidonge vitupu. Vidonda vya daraja la 3 viliwapata asilimia 15.5 ya kundi la kwanza na asilimia 45.7 ya kundi la pili. Kinachoshangaza hapa ni njia, kwa kuwa bakteria hawa walikwenda tumboni na kinywa ndicho kilichopona. Watafiti waliona kwamba limfosaiti, yaani chembe za damu zinazoongoza kinga, hazikupungua sana kwa waliopewa mchanganyiko huo kama zilivyopungua kwa wenzao, na hilo linaelekeza kwamba utumbo, ambao umezungukwa na sehemu kubwa ya kinga ya mwili, unaweza kuathiri uponyaji wa mahali palipo mbali nao. Maelezo hayo yanapendeza, lakini jaribio la watu 99 ni dogo, na matokeo makubwa kiasi hicho kutoka katika kundi dogo yanahitaji kurudiwa mahali pengine kabla hayajageuzwa kuwa utaratibu wa hospitali.

La nne katika mfululizo huu, na kwangu mimi ndilo lenye mantiki iliyo wazi kuliko yote, lilichapishwa mwaka 2024, pia kutoka China, likiwa na wagonjwa 160 wa saratani ya kichwa na shingo. Bakteria aliyetumiwa ni Streptococcus salivarius K12, mkazi wa asili wa kinywa cha binadamu, ambaye alitambuliwa New Zealand na mwanasayansi John Tagg wa Chuo Kikuu cha Otago. K12 hutoa vijiprotini viitwavyo salivarisini vinavyoua bakteria washindani, kwa hiyo anaporudishwa kinywani huwa anarejea nyumbani kwake akiwa na silaha. Mukositisi kali iliwapata asilimia 36.6 ya waliomumunya vidonge vyake na asilimia 54.2 ya waliopewa plasebo. Ni sawa na kusema kwamba kati ya kila wagonjwa sita hivi, mmoja aliepushwa. Faida hii ni ndogo kuliko ile ya New Delhi, na huenda ndiyo iliyo karibu zaidi na hali halisi.

Lipo pia jaribio lililoshindwa, na linafundisha. Kampuni moja ilibadilisha vinasaba vya Lactococcus lactis, bakteria wa maziwa, ili atengeneze protini ya binadamu inayosaidia utando kujijenga, kisha ikamweka katika maji ya kusukutulia yaliyoitwa AG013. Dalili za awali zilikuwa nzuri, lakini katika jaribio kubwa zaidi lenye plasebo hayakupunguza mukositisi kali kwa kiwango cha kuaminika. Wazo zuri na bakteria mzuri havitoshi kuleta matokeo.

Ukiyaweka haya yote pamoja, ushahidi wenye nguvu uko katika mionzi ya kichwa na shingo, hasa inapoambatana na sisplatini, kwa bakteria wachache wanaojulikana kwa majina yao kamili. Kwa mwanamke anayepata tibakemikali ya saratani ya matiti, au mtoto mwenye limfoma ya Burkitt anayepewa methotreksati, ambayo ni miongoni mwa dawa zinazochubua sana kinywa, ushahidi ni mwembamba zaidi, wakati hatari, kama tutakavyoona, ni kubwa zaidi. Ndiyo sababu mwongozo wa mwaka 2020 wa jumuiya ya kimataifa inayoshughulikia huduma saidizi kwa wagonjwa wa saratani, MASCC, haukuzipa probayotiki pendekezo rasmi kwa vidonda vya kinywani, ingawa ulikubali kwamba zile za jamii ya Lactobacillus zinaweza kutumiwa kuzuia kuhara kwa wagonjwa wanaopigwa mionzi ya nyonga. Jaribio la K12 lilikuja baada ya mwongozo huo.

Hatari yenyewe ni hii. Bakteria hai anayemezwa na mtu mwenye kinga kamili hana pa kwenda. Anayemezwa na mtu ambaye nyutrofili zake zimeshuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, na ambaye kinywa na utumbo wake vimejaa michubuko, anaweza kupenya na kuingia kwenye damu. Matukio ya Lactobacillus kusababisha maambukizi ya damu kwa wagonjwa wa namna hiyo ni machache, lakini yameandikwa. Hamira ya tiba iitwayo Saccharomyces boulardii, ambayo huuzwa kama probayotiki ya kuharisha hata katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki, imesababisha maambukizi ya damu kwa wagonjwa waliowekewa mipira katika mishipa mikubwa, na mwaka 2017 wasimamizi wa dawa wa Umoja wa Ulaya walielekeza isitumiwe kwa wagonjwa mahututi wala kwa wenye kinga iliyodhoofika. Majaribio manne ya mionzi niliyoyataja hayakuripoti madhara makubwa yaliyotokana na bakteria waliotumiwa, lakini mionzi ya shingo haishushi nyutrofili kwa kiasi cha tibakemikali ya leukemia, yaani saratani ya damu, au maandalizi ya kupandikizwa uboho. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kununua probayotiki bila daktari wake kujua ni hatari ambayo haifidiwi na faida yoyote iliyothibitishwa. Na kwa wachache wanaopata tiba ya kuamsha kinga dhidi ya saratani, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu saratani ya ngozi ya melanoma ulionyesha kwamba panya waliopewa probayotiki za dukani waliitikia tiba hiyo vibaya zaidi, jambo linalotosha kuwafanya wasizitumie bila ushauri.

Katika nchi zetu swali hili mara nyingi huulizwa kwa namna nyingine: kwa nini ninunue vidonge wakati mtindi uko nyumbani? Tuna maziwa mgando, tuna togwa, Wakalenjin wana mursik, Wanyarwanda wana ikivuguto, na vyote vina bakteria hai kwa wingi. Ni vyakula vyenye heshima na lishe, lakini si tiba iliyojaribiwa kwa vidonda hivi. Bakteria waliomo hubadilika kutoka kibuyu hadi kibuyu, hakuna aliyewahesabu, na tindikali yake huuma vibaya kwenye kidonda kilicho wazi. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba brusela, listeria na kifua kikuu cha ng'ombe, ambavyo kwa mgonjwa asiye na kinga si mambo ya kubahatisha. Anayetaka mtindi kwa ajili ya kupata protini na nguvu, na ambaye daktari wake hakumkataza, na anywe ule uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, usio mchachu sana, akijua kwamba anakula chakula.

Hata hivyo si kweli kwamba bakteria wenye nasaba inayojulikana ni jambo la nchi tajiri tu. Jijini Mwanza, tangu mwaka 2004, kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walitengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada, na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikuwa miongoni mwa walengwa wa kwanza. Nchini Uganda vifuko vidogo vya unga wenye nasaba ya Lactobacillus rhamnosus yoba 2012 vimetumiwa na wazalishaji wadogo kutengeneza mtindi wa namna hiyo kwa bei ya chini. Nasaba hizo si zile zilizojaribiwa New Delhi wala China kwa ajili ya kinywa, na hazipaswi kuuzwa kwa jina hilo, lakini zinaonyesha kwamba utaalamu wa kumtunza bakteria mmoja mahususi na kumfikisha kwa mlaji akiwa hai tayari upo kwenye ukanda huu.

Wakati huohuo kuna mambo ambayo ushahidi wake ni thabiti zaidi na mengi ni ya bei rahisi, na ingekuwa kosa kuyaruka kwa sababu hayana mvuto wa mambo mapya. Mgonjwa anapaswa kuonwa na daktari wa meno kabla mionzi haijaanza. Mswaki uwe laini, na dawa za kusukutulia zenye alkoholi ziachwe, pamoja na sigara, ugoro na pombe. Maji ya kusukutulia hutengenezwa kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha sodiamu baikaboneti, ile soda nyeupe ya kuokea, katika lita moja ya maji safi, na hutumiwa mara kadhaa kwa siku. Soda hiyo isibadilishwe kwa magadi ya mawe, ambayo ni makali zaidi na yana uchafu mwingine ndani yake. Anayedungwa dawa ya tibakemikali iitwayo 5-FU kwa mkupuo hufaidika kwa kumumunya barafu kwa nusu saa, akianza dakika chache kabla ya sindano, kwa kuwa baridi hubana mishipa ya kinywa na kupunguza dawa inayofika huko. Lakini anayepewa oksaliplatini asifanye hivyo, kwa maana dawa hiyo hufanya baridi iumize neva. Kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo, mwongozo wa 2020 unataja pia dawa ya kusukutulia ya benzidamini, mwanga wa leza ya nguvu ndogo kwenye vituo vilivyo nayo, na hata asali, ambayo matumizi yake hayana budi kwenda pamoja na kusafisha meno ili yasioze.

Si kila kidonda cha mdomoni ni mukositisi, na hili husahaulika mara nyingi. Utando mweupe unaofutika unaweza kuwa fangasi wa kandida, ambao hutibiwa kwa nistatini au flukonazo, na malengelenge yenye maumivu makali yanaweza kuwa virusi vya herpesi. Probayotiki haziwezi kuchukua nafasi ya dawa hizo. Joto la mwili likifika nyuzi 38 kwa mgonjwa aliye katikati ya tibakemikali, aende hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, bila kusubiri kuona kama vidonda vitatulia.

Kwa mgonjwa wa mionzi ya shingo ambaye daktari wake amekubali ajaribu probayotiki, kuna mambo ya kuangalia kwenye kifungashio. Jina liwe kamili hadi nasaba, kwa mfano Streptococcus salivarius K12, si "bakteria wa maziwa" tu. Kidonge kiwe cha kumumunya ikiwa ndivyo kilivyojaribiwa. Idadi ya bakteria hai itajwe kwa siku ya kuisha muda wa matumizi, kwa sababu idadi ya siku ya kutengenezwa haimwambii chochote mnunuzi wa Tanga au Mombasa ambaye kopo lake limesafiri kwa meli na kukaa kwenye ghala lenye joto. Katika majaribio ya India na ya China dozi zilianza pamoja na mionzi, kwa hiyo anayeanza baada ya vidonda kufunguka asitegemee matokeo yale. Viuavijasumu na dawa ya kusukutulia ya kloheksidini huua bakteria hao pia, basi muuguzi au mfamasia aulizwe jinsi ya kuzitenganisha kwa saa.

Jaribio ambalo ningetamani kuliona linafanyika katika hospitali zetu ni lile la kuweka K12 kando ya maji ya chumvi na soda, kwa wagonjwa wa Ocean Road, Eldoret na Mulago ya Kampala wanaopigwa mionzi kwa mitambo iliyopo huku, wakiwemo wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao majaribio mengi huwaacha nje. Lipime siku ngapi za mionzi zilikatizwa na ni wangapi walimaliza kwa wakati, kwa sababu hicho ndicho kinachoamua hatima ya saratani. Na lipime bakteria waliobaki hai ndani ya kopo baada ya miezi mitatu ya joto la pwani, kabla mtu yeyote hajamwomba mgonjwa alilipie.